Jino changa la mtoto halijakosa kalsiamu

Mhariri,

Ukurasa wa afya wa gazeti lako uliandika hivi karibuni kwamba yale yanayoitwa meno ya plastiki kwa watoto wachanga, yaani machonge machanga yaliyo bado ndani ya ufizi ambayo baadhi ya watu huyang'oa wakidhani ndiyo yanayoleta homa na kuhara, ni meno yaliyokosa kalsiamu, na kwamba mama akila dagaa kwa wingi tatizo litakwisha. Mwandishi alifanya vyema kuwakataza wazazi kumpeleka mtoto akang'olewe meno hayo. Lakini sababu aliyoitoa si sahihi, na mzazi aliyeaminishwa hivyo atarudi kwa mng'oaji wa mtaani pale dagaa watakaposhindwa kubadili chochote katika ufizi wa mwanawe.

Sehemu kubwa ya jino ni dentini, ambayo imefunikwa kwa juu na enameli, tabaka gumu la nje. Dentini iliyokomaa ina takribani asilimia 70 ya madini kwa uzito, asilimia 10 ya maji, na asilimia 20 ya vitu vya kikaboni ambavyo karibu vyote ni protini. Kwa hesabu hiyo ni rahisi kudhani kwamba protini ni kitu cha pembeni, kumbe ndiyo inayotangulia. Seli ziitwazo odontoblasti, zilizojipanga kuuzunguka moyo wa jino, hutandaza kwanza tabaka laini lisilo na madini, lenye unene wa maikromita (sehemu za elfu za milimita) 10 hadi 40, ambalo kwa sehemu kubwa ni kolajeni: minyororo mitatu ya protini iliyosokotwa pamoja kama kamba ya nyavu. Molekuli zake hujipanga kwa kupishana na kuacha mianya midogo mno, na ni ndani na kandokando ya mianya hiyo ndiko fuwele, yaani chembe ngumu za madini ya kalsiamu na fosfati, huanza kukua.

Hata hivyo, kolajeni haifanyi kazi hiyo peke yake. Odontoblasti hutengeneza pia protini ndefu ambayo baadaye hukatwa vipande, na kimojawapo, fosfoforini, kimejaa fosfati na asidi kiasi cha kubeba chaji hasi nyingi sana, hivyo huvuta kalsiamu kwa nguvu. Ikiwa imeshikamana na kolajeni, fosfoforini huanzisha fuwele. Ikielea kwa wingi bila kushikamana na kitu, huzizuia. Mimi naona hapa ndipo penye fundisho kubwa kuliko lote, kwa sababu protini ileile huruhusu au hukataza kutegemea mahali ilipo, na kuongeza kalsiamu katika damu hakubadilishi mpango huo.

Ushahidi upo kwa wanadamu wenyewe. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya protini hiyo ndefu, iliyo kwenye kromosomu ya 4, huleta ugonjwa wa kurithi ambao meno huwa ya kijivu au rangi ya kahawia, enameli hubanduka na dentini husagika mapema. Wagonjwa hao hawakukosa kalsiamu.

Sasa turudi kwenye ufizi wa mtoto. Jino la chonge la utotoni huanza kupata madini mtoto akiwa bado tumboni, yapata mwezi wa nne wa mimba, na taji lake, yaani sehemu ya jino itakayoonekana juu ya ufizi, hukamilika anapokaribia miezi tisa baada ya kuzaliwa. Anayelichokoa kabla ya hapo hukuta taji dogo, jeupe na jembamba, lisilo na mzizi, lenye nyama laini ndani. Hilo ni jino linaloendelea kujengwa kwa wakati wake, wala halihusiani na homa au kuhara kwa mtoto, mambo ambayo yanapaswa kupelekwa zahanati siku hiyohiyo.

Dagaa wetu wa Ziwa Victoria, ambao kila anayefika soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba anawaona wakimwagwa kwa magunia, ni chakula bora kwa mama, kwani huliwa wazima na miiba yao na kumpa kalsiamu, fosforasi na protini kwa mpigo. Waliwe kwa sababu hiyo.

Naomba ukurasa huo urekebishe maelezo yake, na utaje pia jambo uliloliacha kabisa: jirani na chonge la utotoni, ndani ya taya, kuna chipukizi la chonge la ukubwani, ambalo huanza kupata madini mtoto akiwa na miezi minne au mitano, na kifaa cha mng'oaji kinaweza kulijeruhi hilo nalo.

Mwalimu wa Biolojia,
Ilemela, Mwanza