Munyu wa Lamu hauogopi sipiyu mpya

Mhariri,

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya ubao wa matangazo wa ofisi moja ya umma hapa Lamu, nikasoma tangazo la zabuni hadi mstari wa mwisho. Zinatakiwa sipiyu 20 mpya, yaani yale masanduku ya kompyuta yanayowekwa mezani. Sababu iliyoandikwa ni kwamba zilizopo zinatumia Windows 10, ambayo muda wake wa kuhudumiwa ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zenyewe ni kuukuu mno kupokea Windows 11. Sababu hiyo ni ya kweli, siipingi. Kinachoniuma ni dawa iliyochaguliwa, kwa maana dawa hiyo sisi tumeshainywa mara mbili na haikutuponya.

Mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika cha wavuvi. Ofisi yetu iko Langoni, hatua chache kutoka baharini. Kusi ikivuma, pitisha kidole juu ya meza asubuhi kisha ukilambe: ni munyu mtupu. Sasa sipiyu ina feni, na kazi ya feni ni kuvuta hewa. Huivuta hewa hiyo ya munyu kutwa, na baada ya miaka miwili mitatu ukifungua utakuta madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeota kutu ya kijani na vumbi limeganda kama uji. Mara mbili tulinunua sipiyu sita mpya kwa mpigo, na mara mbili zilikufa moja baada ya nyingine. Kila iliyokufa ilisukumwa kwa mkokoteni hadi gatini, ikapanda boti hadi Mokowe, ikapanda basi hadi kwa fundi Mombasa. Mimi nikabaki na daftari na kalamu, naandika kilo za changu na kamba mawe, nangoja.

Kuna mwezi mmoja wavuvi walicheleweshewa malipo siku tisa, kwa sababu hesabu zao zilikuwa ndani ya diski ya mashine iliyokuwa Mombasa. Mzee mmoja kutoka Matondoni alikuja akaketi barazani petu tangu asubuhi hadi alasiri. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, samaki mimi n'shaleta." Maneno yale hayajanitoka hadi leo.

Aliyetutoa katika dhiki hiyo ni mtoto wa kaka yangu, aliyesomea kompyuta. Alikuja likizo na Raspberry Pi 4 mkobani, kompyuta nzima katika bodi moja tupu ambayo ukubwa wake ni karibu sawa na kitambulisho cha taifa. Bodi za aina hii zilianza kuuzwa Uingereza Februari 2012 kwa dola 35, zikikusudiwa hasa vijana wajifunze kuandika programu. "Shangazi," akaniambia, "nyinyi hamuhitaji sipiyu sita. Mnahitaji moja nzuri, na vioo sita vya kutazamia."

Ndivyo tulivyofanya. Tulinunua mashine moja yenye nguvu iwe seva, yaani kompyuta mama inayofanya kazi ya meza zote, tukaiweka chumba cha ndani kisichotazama bahari, na yupiesi, betri ya akiba ya umeme, ubavuni mwake. Programu ya hesabu, faili za wanachama, barua, vyote vimo humo. Mezani pamebaki kioo, kibodi, mausi, na kijisanduku chenye bodi kama ile ya kijana, kilichobanwa nyuma ya kioo. Kijisanduku hakipigi hesabu wala hakihifadhi kitu. Hupeleka kwa seva kile ninachobonyeza na kuniletea picha ya skrini, basi. Chetu hakina feni, kwa hivyo hakivuti munyu. Siku ya kwanza nilikitia majaribuni makusudi: nikaanza barua, na nilipofika katikati ya sentensi nikauchomoa umeme. Nikachomeka kijisanduku kingine kutoka kwenye droo. Barua yangu nikaikuta pale pale, neno limekatika nusu kama nilivyoliacha. Mhariri, nilitokwa na machozi, kwa sababu nilimkumbuka yule mzee.

Umeme nao ni jambo kubwa kisiwani. Sipiyu zetu za zamani kila moja ilikula wati 60 na zaidi ikiwa kazini. Bodi hii hula kama 5, hata kioo chenyewe kinaishinda. Seva na meza zote sita sasa zinakaa juu ya yupiesi mbili, na umeme ukipotea tunapata muda wa kumaliza kumhudumia aliye dirishani.

Lakini sitaki kusema kama mchuuzi anayesifu bidhaa yake, kwa hivyo nitaeleza pia yaliyotutoa jasho. Mfumo wa bodi hizi hukaa kwenye kadi ndogo ya memori, na umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, huweza kuharibika. Mwezi wa kwanza, kabla hatujaziunganisha bodi na yupiesi, tulipoteza kadi mbili. Kijana akazifunga kadi zote zisiandikwe tena, tukapumua. Kumbe tumefungua mlango mwingine. Pi 4 haina betri ya saa. Ikizimika, huamka na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho kwenye kadi, kisha huuliza mtandaoni saa ya kweli. Kadi tulizifunga mwezi Machi. Siku moja ya Agosti umeme ulipotea usiku kucha, na uliporudi intaneti ilikuwa bado haipo. Bodi zote zikaamka zikiamini ni Machi. Cheti cha usalama cha seva, kile kinachoithibitishia bodi kwamba seva ni yenyewe, tulikuwa tumekifanya upya Juni, nazo zikaona cheti ambacho siku zake hazijaanza, zikakataa kuungana. Kwa muda wa saa tatu tulikaa tukitazamana. Dawa ilikuwa ndogo sana: seva yenyewe ikafanywa kuwa mtoa saa, bodi ziiulize hiyo na si intaneti. Pi 5 ya mwaka 2023 ina saa yake, ila betri hununuliwa kando. Yeyote atakayefuata njia hii alishughulikie jambo hilo siku ya kwanza.

Waya pia si mchezo. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, kuta nene, na waifai haipenyi vyumba viwili. Kutoboa kuta za mji huu wa kale si jambo la kujiamulia, nami sitaki zitobolewe. Tumeupitisha waya juu, ukifuata boriti za dari, ukatokea juu ya milango.

Kuhusu leseni, wauzaji wengi hawatakuambia mapema: Windows ya kawaida humruhusu mtu mmoja tu kwa wakati kuitumia kutoka mbali. Ukitaka watu 20 waitumie pamoja, unahitaji Windows ya seva na leseni kwa kila mmoja wao, na hizo zina bei yake. Sisi programu yetu hufunguliwa kwa kivinjari, kwa hivyo seva ni ya Linux, mfumo usiodai leseni hizo, na gharama hiyo hatukuipata. Na mwenye kazi ya video au ramani nzito apewe mashine yake kamili; kwenye bodi hizi picha hukwamakwama na atateseka bure.

Hofu yangu kubwa ni ile seva. Ikianguka, meza zote sita zinaanguka nayo. Kwa hivyo tunayo ya pili, ya mitumba, katika nyumba nyingine mtaa wa pili, na kila usiku hesabu zote hunakiliwa huko. Bila hiyo ya pili nisingemshauri mtu kuanza.

Sasa nirudi kwenye zabuni. Tangazo limetaja prosesa, memori na diski za kila meza, basi. Halikutaja kazi itakayofanywa. Halikusema neno juu ya munyu wala juu ya umeme. Mwenye kuuza mpango kama wetu hawezi hata kujaza fomu, maana fomu imeshaamua. Kati ya wafanyakazi hao 20, wangapi huandika barua na kujaza fomu tu? Nilipokwenda kulipia leseni ya ofisi yetu niliwaona wengi, na kazi yao nikaiona ni hiyo. Naomba wahusika walirudishe tangazo, waandike kazi badala ya mashine, na wajaribu kwanza meza tatu, msimu mmoja wa kusi, kabla ya kutoa fedha ambazo ni za wananchi wa Lamu.

Wakitaka kuona, ofisi yetu i wazi kila siku ya kazi, isipokuwa Ijumaa adhuhuri. Waje na fundi wao. Nitawaandikia barua mbele yao, na nikifika katikati ya sentensi nitauchomoa umeme.

Mhasibu wa ushirika,
Langoni, Lamu