Fildi ya wanasheria isiwe ya kubeba majalada

Ndugu Mhariri,

Kila matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (LST) yanapotoka, ubishi ni uleule: walimu wanabana, au wanafunzi hawasomi? Mwaka 2022 ubishi huo ulifika kileleni. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 wakapata sapu (kurudia mitihani), 265 wakadisko (wakaondolewa masomoni). Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, magazeti yakaandika sana, kisha watu wakarudi kubishana. Sisi tunaowapokea wanafunzi hao ofisini wakija fildi, yaani mafunzo ya vitendo, tunaona tatizo lisilosemwa sana, na sehemu yake tumelisababisha sisi mawakili.

Mwanafunzi anafika na shahada yake mkononi. Muulize hati ya madai, ile inayofungua kesi, inatakiwa iwe na nini, atakutajia Amri ya VII kanuni ya 1 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai bila kufungua kitabu: jina la mahakama, wadaawa (pande za kesi), mambo yanayojenga madai na lini yalitokea, mamlaka ya mahakama, thamani, nafuu zinazoombwa. Sasa mpe mfuko wa mteja, wenye risiti nane, meseji za WhatsApp zilizochapishwa na mkataba uliosainiwa na upande mmoja, aiandike hiyo hati. Ataanza na siku mteja alipofungua duka Kariakoo. Aya ya kumi na nne ndipo utakapoona kuwa mdaiwa alivunja mkataba, na tarehe ya kuuvunja haipo. Bila tarehe hiyo, nani atajua kama ile miaka 6 ya ukomo wa madai ya mkataba imekwisha au bado?

Kipimo chetu cha haraka zaidi ni hati ya kiapo. Inaonekana nyepesi, kurasa mbili tatu tu. Lakini kiapo ni ushahidi, kwa hiyo kinabeba mambo anayoyajua muapaji mwenyewe. Mwanafunzi anaandika "kwamba maombi haya yana mashiko kisheria na ni haki yakubaliwe". Hiyo ni hoja, tena imebeba ombi mgongoni. Vyote viwili havina nafasi humo. Kama jambo aliambiwa, amtaje aliyemwambia na aseme kuwa anaamini ni kweli. Kwenye uthibitisho, pale muapaji anaposema aya zipi ni za kweli na amezijuaje, utakuta ameandika kuwa aya ya 1 hadi ya 12 ni za kweli kwa ufahamu wake, wakati aya ya 7 inasema wazi "nilielezwa na karani wa masjala".

Halafu kuna jurati, maelezo ya aliyeshuhudia kiapo, pale chini kabisa, ambapo kila mtu ameshachoka. Sheria inamtaka kamishna wa viapo aandike jina lake, mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Mwanafunzi anachapa "Dar es Salaam", anaacha nukta ili tarehe ijazwe kwa mkono, hakuna anayeijaza, waraka unapakiwa hivyohivyo. Au anampelekea bosi wake agonge muhuri, kumbe bosi huyo ndiye wakili wa mleta maombi, na kamishna haruhusiwi kushuhudia kiapo katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmojawapo. Pingamizi la awali likikubaliwa, maombi yanaondolewa mahakamani na mteja anaambiwa aanze upya. Wapo wanaojifariji na kanuni ya lengo kuu iliyoingizwa kwenye sheria zetu mwaka 2018, ile inayotaka haki isikwamishwe na ufundi. Kanuni hiyo haifufui siku zilizokwisha.

Na siku ndizo zinazoumiza. Kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ya rufaa inawasilishwa ndani ya siku 30. Barua ya kuomba nakala za mwenendo nayo ni ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi iwasilishwe. Hayo wanayajua. Wanachosahau ni kwamba nakala ya ile barua lazima imfikie mjibu rufaa. Asipopewa, siku ambazo masjala ilitumia kuandaa nakala haziwezi kutolewa kwenye hesabu, hata kama kuchelewa kulikuwa kwa mahakama tupu.

Vitu hivi havifundishiki kwa slaidi. Vinafundishika fildi, na fildi tumeigeuza kazi ya utarishi. Asubuhi mwanafunzi yuko mahakamani Kisutu kusikiliza shauri likitajwa kwa dakika tatu na kuahirishwa, mchana anatoa kopi, alasiri anabeba majalada kwenda Mahakama Kuu, Kivukoni. Akipelekwa Kituo Jumuishi cha mahakama cha Temeke kwenye mirathi, anaona ombi likifunguliwa, basi. Haioni orodha ya mali ambayo msimamizi anatakiwa kuiwasilisha ndani ya miezi 6, wala hesabu za ndani ya mwaka 1, na huko ndiko ndugu wanakoshikana mashati.

Tunachopendekeza hakihitaji sheria mpya. Mwanafunzi asitoke ofisini na barua moja ya "alikuwa na nidhamu na bidii". Atoke na jalada lake, majina ya wateja yakiwa yamefutwa: hati 2 za madai, utetezi wa maandishi 2, maombi 3 pamoja na viapo vyake, mkataba 1 wa mauziano ya ardhi, notisi 1 ya rufaa na ile barua yake. Kila waraka uwe na rasimu zake zote, kuanzia ile mbaya kabisa, pamoja na maandishi ya wakili pembeni. Rasimu ya mwisho haimwambii mtathmini chochote, kwa sababu wakili ameshainyoosha. Wakili mmoja asipokee zaidi ya wanafunzi 2 kwa wakati mmoja. Anayepokea 8 hawafundishi, anawatumia.

Pia akae na wakili shauri linapofunguliwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama, aone namba ya malipo ikitoka na ada ikilipwa. Anayepakia saa tano usiku siku ya mwisho na kulipia kesho yake asubuhi anajiandalia pingamizi. Aangalie na mistari ya mwisho ya waraka, jina la aliyeuandaa na anwani yake. Sheria ya Mawakili inayataka, na masjala inaweza kuukataa waraka usiokuwa nayo.

Suala la lugha nalo lisiachwe. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikabaki pale haki inapokihitaji. Mwanafunzi aliyesoma kila kitu kwa Kiingereza anaandika kiapo ambacho mtu mmoja ni "muapaji" aya ya 1, "mtoa kiapo" aya ya 4 na "mleta maombi" aya ya 9. Hakimu atajuaje kuwa ni mtu mmoja? Angalau nusu ya nyaraka za lile jalada ziandikwe Kiswahili.

Tunasisitiza fildi kwa sababu baada yake hakuna kituo kingine. Kenya mhitimu anakaa miezi 6 chini ya wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka 5. Hapa kwetu, ukishamaliza LST ni ombi kwa Jaji Mkuu, Baraza la Elimu ya Sheria, kuapishwa, leseni. Ukishaishika leseni, unaweza kupokea kesi ya mtu ya nyumba yake na kusimama nayo peke yako Mahakama Kuu. LST na Chama cha Mawakili Tanganyika wakikaa meza moja, fomu ya tathmini ya fildi inaweza kubadilishwa kabla kundi lijalo halijatumwa maofisini.

Mawakili wasimamizi wa fildi,
Kinondoni, Dar es Salaam