Barua kutoka Florida: vita vya Waseminoli

Orlando, Florida

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wote hapo Mombasa. Sisi huku wazima, kazi tu ndizo zinatuandama, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Umeniuliza kama ni kweli Waseminoli, wale wenyeji wa asili wa Florida, hawakuwahi kutia saini mkataba wa kusalimu amri kwa Marekani, na kama ni kweli, mbona wengi wao leo wako Oklahoma, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa nilipo. Yote mawili ni kweli, ila kuyaeleza kunataka kikao, kwa hiyo jiwekee chai karibu.

Waseminoli si watu wa asili moja. Wengi wao walikuwa Wakriki, kabila la wenyeji wa Amerika, walioteremka kutoka Georgia na Alabama katika karne ya 18, wakaingia Florida iliyokuwa chini ya Wahispania, wakafuga ng'ombe na kulima mahindi. Na kwao wakakimbilia watoro, Waafrika waliotoroka mashamba ya Georgia na Carolina. Wewe habari za Fuladoyo unazijua, jinsi watoro wa pwani yetu walivyojijengea mji wao na mabwana wakawafuata na bunduki. Huku nako watoro walikuwa na vijiji vyao, mashamba yao na silaha zao. Chifu wa Kiseminoli walimpa sehemu ya mavuno, basi. Mwenye shamba wa Georgia hilo lilimkosesha usingizi, maana mtumwa wake alikwisha kujua kwamba akivuka mpaka tu ana pa kwenda.

Ndiyo sababu anayeniambia vita hivi vilikuwa vya kugombea ardhi namkubalia nusu. Tazama vilikoanzia. Julai 1816 mashua za kivita za Marekani zilipanda mto Apalachicola hadi ngome walimokaa watoro, na hapo ni nchi ya Hispania, si yao. Tufe la mzinga lililopashwa moto likawa jekundu likaangukia ghala la baruti. Humo ndani mlikuwa na watu kama 300, wanawake na watoto wamo. Wengi wao walikufa papo hapo. Mwaka uliofuata ndipo wanapohesabu kuwa vita vya kwanza vimeanza. Mwaka 1818 Jenerali Andrew Jackson akavuka mpaka na jeshi, akachoma vijiji, akateka St. Marks na Pensacola, na Waingereza wawili aliowashuku akawaua. Hispania ikaona heri yaishe, ikaiachia Marekani Florida.

Vita vikubwa hasa ni vya pili, 1835 hadi 1842. Jackson sasa alikuwa rais, na sheria ya 1830 ilitaka makabila ya kusini-mashariki yahamishiwe ng'ambo ya Mississippi. Kati ya waliokataa alikuwamo Osceola. Uchifu hakuzaliwa nao, aliupata kwa ulimi na ujasiri wake. Ajenti wa serikali, Wiley Thompson, alimtia pingu, na hilo Osceola hakulisahau. Tarehe 28 Desemba 1835 Thompson aliuawa nje ya Fort King. Siku hiyo hiyo, upande wa kusini, wapiganaji wa chifu Micanopy waliuvizia msafara wa Meja Francis Dade wenye askari zaidi ya 100.

Mahali penyewe nilikwenda, ni Bushnell, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Nilitegemea kuona bonde au kilima cha kuvizia, hakuna. Ni tambarare ya misonobari iliyoachana, na chini yake vichaka vya mimea ya jamii ya mkindu vinavyofika kiunoni. Ukisimama njiani unaona mbali sana, lakini aliyelala kwenye vichaka hivyo hatua ishirini kutoka kwako humwoni. Asubuhi ile kulikuwa na baridi, askari walikuwa wamefunga makoti juu ya mikoba ya risasi. Dade alianguka kwa risasi ya kwanza kabisa, na wengine wakawa wanahangaika na vifungo huku wanauawa. Walionusurika ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Desemba 1836 Jenerali Thomas Jesup aliandika waziwazi kwamba vita hivi ni vya weusi, si vya Wahindi Wekundu, na kwamba visipozimwa mapema moto utawafikia watumwa wa kusini yote. Alijua anachokisema. Dawa yake ikawa kuwatenganisha: watoro watakaojisalimisha na kukubali kwenda magharibi, akawaahidi uhuru. Osceola naye alimkamata Oktoba 1837, amekuja kuzungumza chini ya bendera nyeupe. Hata magazeti ya Marekani yenyewe yalimsema jenerali huyo vibaya.

Osceola alifungwa kwenye ngome ya Wahispania huko St. Augustine. Kuta zake ni za mawe ya makombe yaliyogandamana. Ukizipapasa utadhani uko Fort Jesus. Usiku mmoja wa Novemba, kiongozi wa Kiseminoli Coacoochee na John Horse, mtoto wa mama wa asili ya Kiafrika, waliponyoka humo na wenzao, jumla watu 20. Osceola alibaki, alikuwa mgonjwa. Alikufa Fort Moultrie, South Carolina, tarehe 30 Januari 1838, na daktari aliyemtibu akamkata kichwa akakichukua. Sina la kuongeza hapo.

Jeshi likajaribu kila kitu, hata mbwa 33 wa kusaka watu walioagizwa kutoka Cuba, ambao kwenye vinamasi hawakufua dafu. Kufikia 1842 askari kama 1,500 walikuwa wamekufa, wengi kwa maradhi, na Waseminoli wapatao 4,000 walikwisha kupelekwa magharibi. Hao ndio wazee wa hao wa Oklahoma. Vita vya tatu, 1855 hadi 1858, vilizuka baada ya wapima ardhi wa jeshi kuharibu migomba ya chifu Billy Bowlegs. Yeye mwishowe alikubali pesa akaondoka, lakini mzee Abiaka na mia chache ya watu walibaki ndani ya vinamasi vya Everglades, hawakutia saini chochote. Wajukuu wao ndio walionunua kampuni ya hoteli na migahawa ya Hard Rock mwaka 2007.

Kuhusu ile ahadi ya Jesup: mwaka 1848 mwanasheria mkuu wa Marekani aliamua kwamba weusi wale bado ni watumwa. John Horse hakungoja. Yeye na Coacoochee waliwachukua watu wao wakavuka Rio Grande kuingia Mexico, ambako utumwa ulikwisha kupigwa marufuku, wakapewa ardhi Coahuila kwa sharti la kulinda mpaka. Kizazi chao kipo hadi leo, kijiji kinaitwa Nacimiento.

Picha za Bushnell na za ngome nitakutumia kwa simu Jumamosi, ukitaka uwaonyeshe wanafunzi wako. Na wewe niandikie zaidi habari za Fuladoyo, hasa majina ya viongozi wao, huku vitabu hivyo sivipati.

Ni mimi rafiki yako,
wa Orlando