Risala ya manseba wa Katuba kwa Daktari Mkuu wa Zoni ya Afya

Mheshimiwa Daktari Mkuu wa Zoni ya Afya, mgeni wetu wa heshima; Bwana Shefu wa kartie; wauguzi wa kituo cha afya; baba na mama; na nyinyi wenzetu mlioegesha pikipiki hapo nje: jambo!

Sisi ni manseba wa Katuba, waendesha pikipiki za abiria. Jina hilo kwa Kiluba cha Kasai ni mjomba, na mjomba huitwa penye shida, penye sherehe husahaulika. Leo tumejialika wenyewe. Hatukukuita tulilie mashimo ya barabara, hayo yana wenyewe nao tutawaandikia yao. Leo ni habari ya kichwa.

Msimu wa mvua uliopita mwenzetu mmoja aliteleza karibu na soko, komini ya Kenya hapa hapa Lubumbashi. Kaske yake, ile kofia ngumu ya pikipiki, iligonga ukingo wa mfereji. Akainuka, akajipangusa matope, akamwokotea abiria ndala yake, watu wakacheka. Hakuzimia hata kidogo, akafanya kazi mpaka jioni. Nyumbani akamuuliza mkewe mara tatu kama chakula kimeiva, na bukari iko mbele yake. Usiku akatapika. Jirani akasema asiachwe alale, akilala ndiyo basi. Wakamkalisha kitini mpaka kukacha, wakimmwagia maji kila aliposinzia.

Asubuhi ikaanza safari. Duka la dawa likamuuzia vidonge vya rangi mbili. Zahanati ya mtu binafsi ikataka pesa ya kutanguliza kabla ya kumgusa, kisha ikamtuma kupiga skana, picha ya ndani ya kichwa. Skana ikarudi safi. Ndugu zake wakawaka: tumeuza simu na kitanda tuambiwe hana kitu? Na kwa deni lililobaki, zahanati ikashika karatasi za pikipiki, pikipiki ambayo hata si yake.

Muuguzi wa kituo chetu alikaa nasi jioni mbili akatufumbua macho. Skana hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hauonekani humo. Picha safi haimfanyi mtu mwongo. Akatufundisha na hesabu ya Glasgow, ambayo madaktari wanaitumia tangu 1974, kuanzia 3 mpaka 15: mgonjwa anafungua macho vipi, anajibu nini, akiambiwa ainue mkono anainua? Haihitaji mashine, ni macho ya muuguzi na saa ya ukutani. Aliyechanganyikiwa au kusahau baada ya kuanguka, akawa bado chini ya 15 saa mbili zikipita, au akatapika mara mbili na zaidi, au ana miaka 65 na kuendelea, au fuvu linashukiwa kupasuka, huyo apelekwe kwenye skana hata kama ni usiku wa manane. Wengi wa waliobaki, wakishapimwa, wanaweza kurudi nyumbani wakiwa na mtu wa kuwaangalia. Na walale! Pombe ya lutuku wasiguse.

Ndiyo maana ombi letu la kwanza ni dogo kuliko ulivyotegemea. Muuguzi akimtuma mtu hospitali kuu ya rufaa, aandike kwenye barua ile namba na saa aliyoipima. Daktari wa huko atajua kama mgonjwa anapanda au anashuka, na ndugu watajua skana wanailipia nini. Kituo kwanza, hospitali baadaye: njia hiyo tunaijua. Tunairuka kwa sababu hatujui bei mpaka tumeshaingia ndani. Ibandikwe mlangoni, kwa faranga, kila mtu aisome akiwa bado ana akili zake.

Bima ya lazima, tunayodaiwa tangu sheria ya 1973, ni ya madhara tunayowafanyia wengine. Manseba aliyeteleza peke yake hayumo. Kwa hiyo kila Jumamosi kila mmoja wetu anatia faranga 1,000 katika mfuko wetu wa pamoja, na tungependa mfuko huu siku moja uwe mituele kamili, yaani chama cha kusaidiana, kwa sheria ya 2017. Kwa sasa tunaomba barua yetu ya dhamana ipokelewe, mtu ahudumiwe, hesabu ije nyuma yake.

Lakini skana siyo inayotumaliza. Zinazotumaliza ni siku za kukaa. Muuguzi anasema siku moja au mbili za kupumzika, kisha kurudi polepole. Mtu mzima mara nyingi hupona ndani ya wiki mbili hivi, na pikipiki asiendeshe kwanza. Wiki mbili! Mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila jioni. Yule mwenzetu alirudi kazini siku ya nne. Alimchukua mwanafunzi wa kwenda Kamalondo akamshusha Ruashi, na mama wa mtoto akasimama mlangoni mpaka giza likaingia. Tulicheka pia, ila si kwa muda mrefu. Tunaomba karatasi ya mapumziko yenye muhuri wako. Wenye pikipiki wanne wamekaa safu ya pili hapo. Wamekubali kwamba wakiiona hawatadai hesabu za siku hizo.

Daftari la mfuko liko mezani mbele yako, Mheshimiwa, na kalamu iko ndani yake. Ukurasa wa kwanza tumeuacha wazi kwa ajili ya bei.

Ni sisi, manseba wa Katuba, Lubumbashi.