Barua kwa Riziki kutoka Kaunti ya Macon

Atlanta, Jumapili usiku

Shoga yangu Riziki,

Salamu nyingi, na za nyumbani zaidi. Ile fomu ya ridhaa ya kushiriki utafiti unayowasomea akina mama huko Kilifi, ukurasa baada ya ukurasa, jana nimefika ilikoanzia. Ni Kaunti ya Macon, jimbo la Alabama, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa kwangu. Ni shamba kabisa: misonobari, udongo mwekundu, nyumba moja hapa, nyingine kule.

Makao makuu ni Tuskegee. Hapo ndipo Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, alipofungua chuo cha watu weusi mwaka 1881 akiwa na miaka 25. Pesa za kujengea hazikuwapo, wakaamua kuchoma matofali wenyewe. Tanuru la kwanza likaharibika, la pili vilevile, na la tatu. Akaiweka saa yake rehani kwa dola 15, wakawasha la nne, matofali yakaiva. Nyumba aliyoishi imejengwa kwa matofali ya wanafunzi. Niliupapasa ule ukuta kwa kiganja, nikakaa pale muda mrefu.

George Washington Carver alikuja 1896, akawafundisha wakulima ambao udongo wao ulikuwa umechoshwa na pamba wapande karanga, kunde na viazi vitamu. Kaburi lake liko ubavuni mwa la Washington. Rosa Parks, yule mama aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi, alizaliwa mji huohuo mwaka 1913. Hao unawajua, sitakuchosha.

Mimi niliwaendea wakulima. Mwaka 1932 idara ya afya ya serikali kuu iliandikisha kwenye utafiti wanaume weusi 600, wengi wao wakulima, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Waliambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Uongo! Walikuwa wakitazamwa tu jinsi ugonjwa unavyowala hadi kaburini. Walipelekewa barua kuitwa kwenye "matibabu maalumu ya bure"; walipofika, wakachomwa sindano ya uti wa mgongo, ya kupima tu. Penisilini, dawa ya kuuponya ugonjwa huo, ilipopatikana, wakanyimwa. Ikawa hivyo miaka 40, mpaka magazeti yalipofichua 1972.

Chuo chenyewe kilishirikiana na idara hiyo, Riziki. Na aliyekuwa akiwafuata majumbani kwa gari, akiwajulia hali na familia zao, ni muuguzi mweusi, Eunice Rivers, aliyesomea Tuskegee hapohapo. Walimwamini. Njia nzima nikirudi nilikuwa namwaza yeye, na nikakuwaza wewe.

Mkulima mmoja, Charlie Pollard, alipojua kumbe naye ni mmoja wao, alimwendea wakili Fred Gray, yuleyule aliyemtetea Rosa Parks. Wakaishtaki serikali, na 1974 ikakubali kulipa dola milioni 10. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti, na fomu yako ni mjukuu wa sheria hiyo. Rais Clinton aliomba radhi 1997. Wengi walikuwa wameshazikwa.

Niandikie upesi. Ukishamaliza kuwasomea, akina mama hukuuliza nini kwanza? Na wakikataa, husema vipi? Mbusie mwanao.

Wako,
Mwanamkasi