Salamu za Noeli kwa Wanajumuiya, Majirani na Marafiki

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, watawa, wazee wetu, akina mama wa WAWATA, vijana, na ninyi watoto mnaosubiri nguo mpya: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine wote nawasalimu kwa upendo. Kwa niaba ya uongozi wa jumuiya natoa salamu za Noeli kwenu mlio karibu, mlio barabarani kuelekea kwa wazazi, na mlio ughaibuni mnaosoma haya kwenye simu. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha. Wapo tulioanza nao mwaka na leo hatunao. Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie.

Mwaka umekuwa mgumu, hakuna wa kumficha mwenzake. Unga umepanda, mchele umepanda, mafuta ya kula hayashikiki, nauli ndiyo hiyo mnayoijua, na ada za Januari zimeshaanza kubisha hodi. Juzi buchani nilimwona mama mmoja akiitazama nyama iliyoning'inia kwa muda mrefu kabla ya kuuliza bei. Aliuliza, akanyamaza, kisha akaomba robo.

Nimefundisha historia maisha yangu yote, kwa hiyo mtanisamehe nikienda mbali kidogo. Mwaka 301 Kaisari Diocletian alitangaza bei za mwisho za bidhaa zaidi ya elfu moja, pamoja na ujira wa vibarua na mafundi. Tangazo lilichongwa kwenye mawe katika miji mingi ya mashariki ya Dola ya Kirumi, na adhabu ya mwenye kuzidisha bei ilikuwa kifo. Kibarua wa shamba alipangiwa dinari 25 kwa siku, chakula juu ya mwajiri. Nyama ya nguruwe ilikuwa dinari 12 kwa ratili ya Kirumi, ambayo ni kama theluthi ya kilo. Kutwa nzima ya jembe, basi, ilipata ratili mbili za nyama na dinari moja ya chenji. Na hiyo ndiyo bei ya kwenye jiwe! Lactantius, Mkristo aliyeishi nyakati hizo, anasema damu ilimwagika kwa ajili ya vitu vidogo, bidhaa zikatoweka sokoni kwa woga, ughali ukazidi, mpaka sheria ikafa yenyewe. Miaka miwili baadaye, mwaka 303, mtawala huyohuyo akaamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto.

Sikukuu yetu ilikulia katika miji ya namna hiyo, miji yenye njaa, hofu na dini nyingi ndani ya mtaa mmoja. Mwaka 354 mwandishi hodari aitwaye Filocalus alimtengenezea tajiri mmoja Mkristo wa Roma, Valentinus, kitabu cha kalenda. Ukifungua ukurasa wa Desemba, tarehe 25 ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Asiyeshindwa, yaani Jua, na mbio za magari ya farasi zimepangwa kwa heshima yake. Ukiendelea mbele katika kitabu hichohicho, kwenye orodha ya mashahidi wa imani, tarehe hiyohiyo, unakuta: Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Uyahudi. Wataalamu bado wanabishana nani alitangulia na nani alifuata. Mimi ninachokitazama ni kwamba siku hizo mbili zilikaa ndani ya jalada moja, nyumbani kwa mtu mmoja.

Hata mafundi walikuwa hivyo. Chini ya Basilika la Mtakatifu Petro, katika kaburi dogo la familia, kuna dari ya mozaiki, yaani picha ya vijiwe vidogo vilivyopangwa, ya rangi ya dhahabu iliyojaa matawi ya mzabibu. Katikati amesimama mtu juu ya gari la farasi weupe, miali ikimtoka kichwani, kama Jua lilivyochorwa siku zote. Wengi wanamtambua kuwa ni Kristo. Fundi alitumia alichokijua mkono wake. Waumini nao walichukua muda kubadilika: katikati ya karne ya 5, Papa Leo Mkuu aliwakemea Wakristo waliopanda ngazi za basilika hilohilo, wakifika juu wanageuka na kuinamia jua linalochomoza, ndipo waingie kusali. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, alikuwa ameshawaambia waumini wake wasiitukuze siku hii kwa ajili ya jua, bali kwa ajili yake yeye aliyeliumba jua. Aliwaelekeza bila kuwavunja.

Hapa mniruhusu niseme langu. Mama wa nyumba yangu tulimzika mwezi wa Juni. Kalenda ya parokia aliyoitundika jikoni bado ipo. Kwa kalamu ya buluu aliandika humo Idi zote mbili na Maulidi kando ya sikukuu zetu, na chini ya Desemba akaorodhesha nyumba za kupelekewa sahani: Bi Mkubwa wa nyumba ya pili kwanza, kisha fundi cherehani na watoto wake, kisha wajane wawili wa jumuiya. Ndivyo alivyofanya kila mwaka kalenda mpya ilipofika. Hakuandika nani atapika. Augustino alipougua mwaka 430, wavamizi walioitwa Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake, ambao leo uko Algeria, aliomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akawa anazisoma akilia. Alifariki tarehe 28 Agosti, mji bado umezingirwa. Habari hiyo niliifundisha kwa miaka mingi. Mwaka huu nimeielewa nikiwa nimesimama jikoni kwangu.

Sasa niseme na lile zito zaidi. Waliobomolewa makanisa mwaka 303 walipata wajukuu, na baadhi ya wajukuu hao wakashika nyundo. Mnamo 386 Mtakatifu Yohane Krisostomo aliwahubiria watu wa Antiokia kwamba Noeli haijatimiza miaka kumi tangu ijulikane kwao. Miaka hiyohiyo, katika mji huohuo, mzee Libanius, mwalimu wa ufasaha aliyeshika dini ya mababu zake, alimwandalia Kaisari Theodosius hotuba ya malalamiko. Alisema watu waliovaa nguo nyeusi wanayavamia mahekalu ya vijijini kwa magogo, mawe na vyuma, wanaezua paa na kuangusha kuta. Alisema mahekalu hayo ni roho ya mashamba, na humo wakulima wameweka matumaini ya wake zao, watoto wao, ng'ombe wao na udongo wanaoupanda. Hakuwa mtu wa imani yetu, lakini kilio kile nakisikia.

Na hata sisi kwa sisi hatukusalimika. Mjini Ravenna, Italia, Mfalme Theodoric, Mwariani, yaani Mkristo wa kundi lililokana kwamba Mwana ni sawa na Baba, alijenga kanisa ambalo leo linaitwa Sant'Apollinare Nuovo. Ukutani wanapita Mamajusi watatu, nguo zao za rangi zinapepea, wamebeba zawadi kumwelekea Mtoto. Picha hiyo mnaiona kwenye kadi nyingi za Noeli. Ukuta wa pili kuna jumba la mfalme. Baada ya majeshi ya Kaisari Justinian kuuteka mji mwaka 540, Askofu Agnellus alilikabidhi kanisa kwa Wakatoliki, na watu waliochorwa kati ya nguzo za jumba lile wakaondolewa. Mahali pao pakawekwa mapazia meupe. Lakini mafundi hawakugusa nguzo zenyewe, na mpaka leo ukisogea unaona vidole na viganja vimebaki juu ya nguzo nyeupe, mikono isiyo na wenyewe.

Ndugu zangu, tusiwe watu wa kufuta watu. Najua yanayozunguka kwenye makundi ya simu: klipu za kukejeli swala ya jirani, maneno makali juu ya walokole, juu ya Waislamu, juu ya wanaotambika kwenye makaburi ya babu zao. Acheni kuyasambaza. Kijana wa jumuiya hii anayeimba Gloria usiku wa mkesha hawezi asubuhi yake kutukana msikiti. Wafanyabiashara wetu, ninyi mnaosali nasi, msipandishe bei ya mchele wiki ya sikukuu kwa sababu tu mnajua mtu atanunua. Kaisari alishindwa kuwazuia wenzenu kwa upanga, nami nawaomba kwa jina la Mtoto aliyelazwa horini. Wenye uwezo, mkumbukeni yule wa robo kilo. Waume, jifunzeni kupika mapema. Nendeni kwa wafiwa mkakae tu, chai si lazima. Sirakusa, kule Sisilia, waliligeuza hekalu la Athena kuwa kanisa kwa kujenga kuta kati ya nguzo zake, na nguzo zile za kale hadi leo zimebeba kanisa kuu la mji. Jengeni hivyo, wapendwa, jengeni hivyo ndani ya ndoa zenu, ndani ya kwaya zenu, ndani ya mtaa huu!

Misa ya mkesha itaanza saa tatu usiku, tuwahi kwa ajili ya nafasi. Michango ya kapu la wahitaji ipokelewe kwa mtunza hazina kabla ya tarehe 23. Mchele, sukari, maharage na sabuni vyote vinapokelewa. Mwenye mgonjwa anayehitaji kupelekewa Komunyo amwambie katekista. Sahani za nyumbani kwangu zitatoka kama kawaida baada ya Misa ya asubuhi, na binti zangu wameahidi kusaidia.

Nawatakieni nyote Noeli yenye amani na heri ya Mwaka Mpya. Mungu awabariki.

Mwenyekiti wa Jumuiya