Mjadala wa Jumamosi: kamera za hali ya hewa

Habari za jioni wanakikundi,

Jumamosi saa 2 usiku, saa za Afrika Mashariki, tutaongelea kamera za hali ya hewa zinazowekwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kule Alaska na Hawaii. Mnaosomea urubani, tafadhali msikose.

Kabla ya hapo ingieni kwenye tovuti yao, mchague kituo chochote cha Alaska. Mtaona picha ya siku ya anga safi, vilele vimeandikwa majina na umbali, na pembeni picha ya sasa, inayobadilika kila dakika 10 hivi. Kilele kisipoonekana kwenye hiyo ya pili, umeshajua mawingu yamefunika wapi kabla hujawasha injini.

Kauai, kisiwa cha Hawaii, Desemba 2019, helikopta ya watalii iliingia mawinguni ikagonga mlima. Wote 7 walifariki. Ndiyo maana naunga mkono kamera kuwekwa kwenye majengo ya kaunti huko: mara nyingi umeme upo, mtandao upo, kinachobaki ni kibali.

Mwenye wasiwasi wa faragha aje nao, ni swali la haki na wakazi wanastahili kuulizwa. Linki nitaiweka saa 1 na nusu.